TAHADHARI: Muuzaji wa vitabu vya fizikia ya chuo anayewabambikia wanafunzi kitabu kisicho chao

Wakuu, hasa nyie mnaoanza mwaka wa kwanza wa sayansi au uhandisi, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya wanafunzi na kitabu cha fizikia ya chuo. Picha ya jalada inavutia, bei iko chini, na maelezo ni sentensi moja: "ndicho kinachotumika vyuoni." Ukilipa, mzigo unafika kweli, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Tumezoea kwamba tapeli ni yule anayekula pesa na kupotea. Huyu anakuletea kitabu, ila siyo ulichoagiza.

Mimi nilimwandikia wazi kwamba nataka kitabu cha fizikia kinachotumia kalkulasi, juzuu zote. Kilichokuja ni cha aljebra. Nilipomuuliza akanijibu "fizikia ni fizikia tu, Newton ni yule yule." Nikamtumia picha ya ukurasa wa hakimiliki unaoonyesha ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, akanibloku. Baada ya hapo nilianza kuulizia, nikakuta wenzangu kadhaa yamewakuta hayo hayo, kila mmoja kwa namna yake.

Hilo jibu lake linaudhi kwa sababu linamtega mtu ambaye hajajua. Vitabu hivi viko vya aina mbili kubwa na majina yake yanakaribiana sana. Kimoja kinatumia aljebra na trigonometria peke yake, nacho husomwa zaidi na wanaoelekea udaktari, biolojia na fani za afya. Kingine kinatumia kalkulasi, cha wahandisi na wanafizikia. Sura zinafuatana karibu sawa: mwendo, kani, nishati, joto, umeme, mwanga. Tofauti iko ndani. Kwenye cha aljebra, kazi ni kani mara umbali mara kosaini ya pembe, na kani yenyewe kwa kawaida haibadiliki. Kwenye cha kalkulasi kani inaweza kubadilika kila hatua, na unaijumlisha kwa alama ya ∫. Mwanafunzi wa uhandisi akipewa cha aljebra, siku akifika kwenye kapasita (kifaa cha kutunza chaji ya umeme) inayochajiwa atakuta fomula imewekwa tu, haonyeshwi imetoka wapi. Na mtihani utamuuliza imetoka wapi.

Kwa hiyo dai picha ya sura ya kazi na nishati. Sura ya mwendo haitoshi, maana Δx/Δt (badiliko la mahali kugawanya kwa muda) utaikuta mwanzoni mwa vyote viwili. Sura ya kazi haifichi: kama hakuna ∫ hata moja, hicho ni cha aljebra, hata jalada likisema nini.

Mchezo wake wa pili ni juzuu. Kitabu kimoja kinaweza kuuzwa kizima, au kikakatwa vipande viwili au vitatu: umakanika na mawimbi upande mmoja, umeme na usumaku upande mwingine, kisha fizikia ya kisasa. Tena kuna vitabu vyenye toleo fupi na toleo refu, na lile refu ndilo lenye uhusianifu (nadharia ya Einstein), atomu na viini vyake. Yeye anapiga picha jalada la mbele tu, kwa pembe ambayo namba ya juzuu haionekani. Mwulize: sura ya mwisho ni ya ngapi, na inaitwaje?

Kuhusu misimbo (code) ya kuingilia mazoezi ya mtandaoni, sitasema mengi. Msimbo wa namna hiyo kwa kawaida hutumika mara moja na kufungwa kwenye akaunti moja. Akikuambia kitabu kimetumika lakini msimbo bado ni mzima, mkatalie.

Linalonikera kuliko yote ni kuuza kitabu cha bure. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, unatoa vitabu vya fizikia ambavyo yeyote anaweza kuvipakua bila kulipa: College Physics, cha aljebra, kilichotoka mara ya kwanza 2012 na toleo la pili 2022, na University Physics, cha kalkulasi, chenye juzuu tatu. Huyu bwana anauza faili zake za PDF baada ya kunyofoa kurasa za mwanzo ili asionekane nani ameziandika. Kabla hujanunua faili lolote la fizikia, pita kwanza kwenye tovuti yao.

Nisiwatie hofu isiyo na sababu, lakini. Toleo la zamani siyo utapeli. Sheria za Newton hazijabadilika, na mara nyingi kinachohamishwa kati ya toleo na toleo ni maswali ya mwisho wa sura. Kama mwalimu hatoi kazi kwa namba za maswali, la zamani litakufaa. Angalia tu sura ya vipimo: tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haipimwi tena kwa silinda ya metali iliyohifadhiwa karibu na Paris, inatokana na namba isiyobadilika ya fizikia iitwayo ya Planck. Toleo la kimataifa nalo siyo bandia, ila maswali yake yanaweza kuwa na mpangilio tofauti na wa darasa lako. Yote haya ni halali endapo muuzaji anakwambia mapema.

ISBN ndiyo kinga yako. Ina tarakimu 13, huanza na 978 au 979, na jalada gumu, jalada jepesi na kila juzuu hupewa yake. Ichukue kwa mwalimu wako, siyo kwa muuzaji, kisha mwambie akupigie picha ya ukurasa wa hakimiliki na ya nyuma ya kitabu. Akikuandikia namba bila picha, ihakiki: zidisha tarakimu kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu hadi mwisho, ujumlishe. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba hiyo ina kosa au imetungwa.

Akaunti aliyonibloku nayo imeshabadilishwa jina, lakini matangazo yanaendelea na picha ni zile zile: jalada la mbele peke yake, hakuna ubavu wa kitabu, hakuna nyuma. Mkiliona tangazo la hivyo kwenye grupu lenu, mwambieni admini aliondoe, na aliyekwisha kulipa atunze risiti na mazungumzo yote kabla hajablokiwa.