Gesi ya bomba kwenye apatimenti zetu Kyanja: jikoni iko sawa, chini ya udongo bado

Watu wengi wameniuliza kama hii gesi ya bomba inafaa, manake majengo mapya hapa Kampala yanaitangaza sana na kodi inapanda juu yake. Mimi naitumia tangu walipoileta kwetu Kyanja. Nawapa nyota 3 kwa 5. Kwa jikoni peke yake ningewapa zote tano, lakini mbili nimezitoa kwa sababu ya vile walivyounganisha paipu chini ya ardhi, na hizo mbili ndizo zinanifanya niandike marefu hivi. Jina la kampuni sitataja, wako kwa mazungumzo na landilodi na nataka warekebishe, sitaki ugomvi.

Tuanze na uzuri. Mitungi mikubwa imekaa kwenye kibanda cha wavu nyuma ya ukuta, mbali na milango, kutoka pale paipu inapita chini ya kompaundi, inapanda ukutani, inaingia kwa regyuleta na mita, alafu jikoni kwako. Unalipa kwa mobile money. Mimi napika pilau na chapati za oda, nilikuwa na sigiri mbili na mtungi mdogo ambao unaweza kuisha wakati wali bado haujakauka, sasa hiyo habari imekwisha. Moto haushuki, masufuria hayana masizi, na hakuna tena kumlipa mtu wa boda akupandishie mtungi ngazi zote. Pia jamaa wao wa mita ana adabu, ukimpigia anakuja.

Sasa ya chini.

Wakati wanachimba nilikuwa nyumbani na nilimwita shemeji yangu, yeye kazi yake ni kuchomelea paipu za plastiki za maji, kwa hiyo anaelewa vitu ambavyo mimi naona ni mabomba tu. Akaangalia mtaro akanyamaza kidogo. Akaniambia, "Shem, paipu yenyewe ni nzuri, ila hizi jointi sizipendi." Kila mahali paipu mbili zilipokutana walitumia kaplingi za kubana, zile unaingiza paipu kila upande alafu unakaza nati kwa mkono na spana. Kwa bomba la maji ya bustani hiyo ni sawa, ikivuja unaona tope. Kwa gesi iliyofukiwa chini, hutaona kitu.

Alivyonielezea ni hivi, na nimesoma baadaye nikakuta ndivyo ilivyo. Plastiki ya hizo paipu inarefuka na kufupika kwa joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma. Wao walilaza paipu mchana jua likiwaka, imenyooka kabisa bila kuachiwa ulegevu wowote, wakaunganisha hapo hapo, wakafukia. Usiku ardhi imepoa, mvua ya Kampala mnaijua, paipu inajivuta. Paipu ya mita 30 ikipoa nyuzi 10 na hakuna kinachoishika inaweza kufupika karibu sentimita 5. Hizo sentimita zinatoka wapi? Zinatoka kwenye jointi, kama kaplingi haikutengenezwa kushika paipu isichomoke basi paipu inachomoka kidogo kidogo mpaka siku inaachia. Fundi anayejua analaza paipu ikiwa imepindapinda kidogo kama nyoka ndani ya mtaro, anaiacha ipoe, ndio anafunga jointi ya mwisho. Na kwa jointi ya kubana lazima kuwe na kile kipande kigumu cha ndani kinachozuia plastiki isibonyee nati ikikazwa. Shemeji aliomba kukiona, fundi akamwambia "ssebo, hizi hazihitaji". Zinahitaji. Kanuni za Marekani za mabomba ya gesi zinataka hicho kipande kwa kila jointi ya kubana ya plastiki, na zinasema wazi kwamba kila jointi iweze kuhimili nguvu ya kuvutwa inayoletwa na paipu kurefuka na kufupika.

Na kanuni kama hizo watu hawakuziandika kwa kujifurahisha. Mwaka 2007 huko Texas, Railroad Commission (Tume ya Reli), ambayo licha ya jina lake ndiyo inasimamia gesi ya majumbani kule, iliamuru kaplingi za kubana za zamani zitolewe kwenye laini zinazoingia kwa nyumba, na hiyo ni baada ya nyumba kulipuka na watu kufa. Texas hiyo hiyo, tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London ililipuka ikaua karibu watu 300, wengi watoto, gesi ilikuwa imevuja kwenye muunganisho mbovu ikajaa chini ya sakafu na hakuna aliyenusa, manake wakati ule gesi haikuwa inatiwa harufu. Baada ya hapo ndio ikawa sheria kutia harufu. Kila nikifikiria wale watoto naona kazi ya jointi si ya kuachia mtu anayekimbizana na giza.

Hapo kwa harufu ndipo wengi wanajidanganya, ati "ikivuja tutanusa". Gesi yetu hapa ni ya mitungi, propani na butani, ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikitoka haipandi juu ikaondoka, inatambaa chini, inafuata mchanga laini wa mtaro, inaingia kwa bomba la maji taka, inatokea chooni kwa mtu au kwenye stoo ya chini. Alafu udongo wenyewe unaweza kuinyonya ile harufu njiani, kwa hiyo inafika ndani ikiwa haina onyo. Na propani ikishafika asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha. Sote tuliona mlipuko wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024, ile ilikuwa gesi ya mitungi katikati ya makazi, japo ule ulikuwa mtambo wa kujazia na si bomba la nyumba.

Sasa kilichonikasirisha kabisa. Kabla ya kufukia niliomba waweke presha ya hewa ndani ya paipu, wafunge, waache geji tuiangalie ikishuka au isishuke. Msimamizi wao akaniambia, "Nnyabo, tutapima tukimaliza." Walimaliza, wakafukia, wakaweka pevingi juu, ndio wakapima kwa dakika chache na hawakumwonyesha mtu yeyote karatasi. Kupima ukiwa umeshafukia ni sawa, lakini iwe mara ya pili, ile ya kwanza ni mtaro ukiwa wazi ili upake maji ya sabuni kila jointi na uone povu kwa macho yako. Tena hawakuweka tepu ya njano ya onyo juu ya paipu, wala waya wa kuitafutia baadaye, na plastiki bila waya mashine ya kawaida ya kutafuta haiwezi kuiona. Matokeo? Vijana wa intaneti walikuja kupitisha kebo yao, wakachimba na kipiki (sululu) pale pale, wakaikuta paipu ikiwa juu juu tu. Mungu alisaidia kipiki kilipita pembeni. Kule Marekani tangu 2007 kuna namba moja ya simu, 811, unapiga kabla ya kuchimba na wenye mabomba wanakuja kuchora alama. Kwetu aliulizwa askari wa geti, na yeye alikuwa ameanza kazi juzi.

Niwape haki yao pia. Baada ya hiyo ya kipiki wapangaji tuliandika barua, landilodi akawabana, wakarudi. Walichimba upya mbele ya bloku mbili, wakatoa kaplingi zote, wakaunganisha kwa fitingi za kuchomelea kwa umeme, zile zenye waya ndani, mashine inapasha moto na plastiki ya paipu na ya fitingi zinakuwa kitu kimoja, hapo hakuna cha kuchomoka. Safari hii walileta fundi mwingine, mama mmoja makini sana, anakwangua paipu kwanza, anaifuta, anaibana isitikisike mpaka ipoe, anaandika namba ya kila jointi na saa. Shemeji alimwangalia akasema huyu anajua. Tepu wameweka, waya wameweka, na karatasi ya presha sasa imebandikwa kwa ofisi ya keateka, msimamizi wa jengo. Kwa hiyo uwezo wanao, walikuwa tu hawalazimishwi.

Na hiyo kulazimishwa ndio ombi langu kwa UNBS, shirika la viwango la Uganda, na Wizara ya Nishati. Iwe sharti jointi yoyote ya gesi inayofukiwa ichomelewe, au kama ni ya kubana basi iwe ya aina iliyothibitishwa haichomoki. Fundi awe na cheti cha jointi za gesi, si cha maji. Mtaro usifukiwe kabla mkaguzi asiyelipwa na kontrakta hajaona geji. Na mchoro wa paipu ukae kwa jengo, akiondoka keateka mchoro ubaki. Hata kina kiandikwe, Marekani laini ya kuingia nyumbani ni angalau sentimita 30 kwenye kiwanja cha mtu na 46 chini ya barabara, na kwetu ambako mvua inabeba udongo mimi ningesema iongezwe. Hoima mafuta yanakuja, gesi ya kupikia ya hapa hapa imo kwenye mipango, mabomba ya aina hii yatakuwa mengi, heri masharti yatangulie.

Kama unataka kuhamia jengo lenye hii huduma usiulize bei ya yuniti peke yake. Uliza valvu ya kufunga jengo zima iko wapi na nani ana ufunguo usiku. Uliza jointi za chini ni za aina gani, na karatasi ya presha uione wewe mwenyewe. Wakikuzungusha, jua.

Bloku ya nyuma bado ina kaplingi zile za kwanza. Wanasema watafungua mvua zikipungua, mimi sioni kwa nini wangoje manake udongo ukilowa ndio unasogea. Wapangaji wa huko, barua ya pili iko kwa keateka, mimi nimeshaweka jina langu ingawa siishi bloku hiyo, pitieni muweke sahihi kabla ya Jumamosi landilodi akija.