Tahadhari: Seti ya nyaya za taa za ukungu yenye rilei hafifu na waya wa alumini uliopakwa shaba

Naandika tahadhari hii kwa ajili ya yeyote anayekusudia kununua mtandaoni taa za ukungu za kufunga mwenyewe pamoja na seti yake ya nyaya, kwa sababu nimepoteza siku tatu nikitafuta kosa langu katika kazi ambayo, kama nilivyokuja kubaini, kosa lilikuwa ndani ya boksi tangu lilipotoka kwa muuzaji. Simtaji muuzaji kwa jina, na hata ningemtaja isingesaidia, kwani jina la duka amekwisha kulibadilisha. Nitaeleza bidhaa yake na mwenendo wake, na kwa hayo mtamtambua.

Seti ilitangazwa kuwa na taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja, rilei ya ampea 40 (swichi inayoendeshwa na umeme, ili swichi ndogo ya dashibodi iweze kuwasha mzigo mkubwa), fyuzi ya ampea 20, swichi ya dashibodi na waya wa shaba halisi wa milimita mraba 2.5. Kwa maandishi, hakuna cha kulaumu. Taa mbili hizo ni wati 110, ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 9 na kidogo, mzigo ambao rilei ya kweli ya ampea 40 na waya wa unene huo hubeba bila taabu yoyote. Video ya muuzaji ilionyesha taa ziking'aa vizuri juu ya meza, na ni baadaye sana nilipoirudia ndipo nilipogundua kwamba katika video nzima taa zimeunganishwa moja kwa moja kwenye betri. Seti ya nyaya imelazwa pembeni, imekunjwa na kufungwa, wala haitumiki.

Nilipomaliza kufunga, taa ziliwaka kwa mwanga wa manjano uliofifia, na baada ya dakika kama kumi kukawa na harufu ya plastiki chini ya boneti. Kama wengi wetu tungefanya, nilianza na waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Nilikwangua rangi kwenye bodi mpaka chuma kikaonekana, nikabadilisha boliti, kisha nikauhamishia waya huo kwenye hasi ya betri moja kwa moja. Hali haikubadilika. Nikazifungua soketi za taa nikitafuta kutu au maji, ambavyo havikuwapo, nikakagua upya miguu ya rilei: 30 kwa umeme unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 kwa umeme unaokwenda kwenye taa, 85 na 86 kwa koili, yaani sumaku ya umeme inayofunga mgusano wa rilei. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Jibu lilipatikana nilipoacha kukisia nikashika multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa zimewashwa, betri ilisoma volti 13.9, lakini kwenye soketi ya taa zilifika volti 10.8 tu. Volti 3.1 zilikuwa zinapotelea njiani, na kwa balbu ya halojeni hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana mwanga wake hushuka kwa kasi zaidi kuliko volti. Ili kujua zinapotelea wapi, nilipima kipande kwa kipande bila kuzima taa: ncha moja ya multimita mwanzo wa kipande, nyingine mwisho wake. Upande wa ethi ulikula volti 0.3. Kutoka betri hadi mguu wa 30 wa rilei zilipotea 1.1, kati ya mguu wa 30 na wa 87, yaani ndani ya rilei yenyewe, 0.9, na kutoka 87 hadi kwenye taa 0.8. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo kilichohusu ufundi wa mfungaji, isipokuwa labda ule wa ethi, ambao ndio ulikuwa mdogo kuliko vyote.

Volti 0.9 ndani ya rilei, kwa mkondo wa takriban ampea 8, ni kama wati 7 za joto ndani ya kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndiyo ile harufu. Nilipokifungua, kile kilichoandikwa ampea 40 kwa herufi nzito kilikuwa na vidoti vya mgusano vidogo kama kichwa cha pini, tayari vimeungua na kuwa vyeusi. Waya nao ulikuwa na ngozi nene, nyama kidogo: nje unaonekana wa milimita mraba 2.5, lakini ukiumenya unakuta nyuzi chache ambazo kwa makadirio yangu hazifiki hata nusu milimita mraba zikijumlishwa. Nilipozikwangua kwa wembe, wekundu wa shaba ulitoka na chini yake kukabaki rangi ya fedha. Ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini ni nyepesi na ya bei rahisi kuliko shaba lakini hupitisha umeme vibaya zaidi, hukatika upesi ikipindwapindwa, na huliwa na kutu kwa haraka pale inapokutana na maji ya barabarani, jambo ambalo kwa taa zinazokaa ndani ya bampa haliepukiki.

Mwenendo wa muuzaji ndio ulionifanya niandike. Siku ya kwanza alikuwa na adabu nyingi, akaomba picha, nami nikamtumia. Siku ya pili akasema fundi wangu hajui kazi. Nilipomwambia kwamba fundi ni mimi na vipimo ni hivi hapa, aliacha kabisa kuzungumzia vipimo. Badala yake akanishauri niondoe fyuzi ya ampea 20 niweke ya ampea 30, eti ile ndogo "inabana umeme". Naomba msomaji asiupite ushauri huu kwa haraka. Fyuzi haibani umeme wala haiongezi mwanga. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua. Waya ule mwembamba ulikuwa tayari hauna kinga ya kutosha kwa fyuzi ya 20, na kwa fyuzi ya 30, siku shoti itakapotokea, waya ndio utakaoungua kwanza, na utaungulia chini ya boneti pembeni ya mipira na mabomba ya mafuta. Muuzaji anayetoa ushauri huo ama hajui anachouza, ama anajua na hajali.

Nilipokataa, aligeukia masharti ya dhamana: bidhaa iliyokwisha kufungwa kwenye gari hairudishwi, na rilei iliyofunguliwa imepoteza dhamana. Angalieni mtego ulivyotegwa. Kwa mnunuzi wa kawaida kasoro haionekani mpaka afunge, wala haithibitiki mpaka afungue, na vyote viwili vinamnyima haki ya kurudishiwa. Baada ya hapo alinizuia nisiweze kumwandikia, na maoni yangu chini ya tangazo lake yakafutwa. Wiki mbili baadaye nimeiona seti ileile ikiuzwa na duka lenye jina jingine, kwa picha zilezile, hata ile meza yenye mkwaruzo mrefu kwenye kona ya kushoto.

Kwa hiyo ukipokea seti ya namna hii, usiipeleke kwenye gari kwanza. Washa kamera unapofungua boksi, kisha menya sentimita moja ya ncha ya waya na uikwangue. Hilo peke yake linatosha kumuumbua muuzaji wa alumini. Pima koili ya rilei kati ya 85 na 86: rilei nyingi za volti 12 husoma kama omu 80 hadi 100 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na ukikuta mia tatu au zaidi, huenda umeuziwa rilei ya lori la volti 24, ambayo kwenye gari dogo itashindwa kuvuta sawasawa. Kama rilei ina mguu wa 87a, ambao huunganishwa na mguu wa 30 rilei ikiwa imezimwa, hakikisha waya wa taa haujachomekwa hapo, la sivyo taa zitawaka swichi ikiwa imezimwa. Mwisho unganisha seti nzima, kupitia rilei yake na fyuzi yake, kwenye betri ikiwa mezani, na uiache iwake dakika kumi huku ukipima. Binafsi sikubali zaidi ya nusu volti kupotea upande wa chanya.

Kwa taa za LED udanganyifu mkubwa uko kwenye namba za wati. Taa iliyoandikwa wati 120 ingepaswa kuvuta ampea 10 kwa volti 12. Ukipima ukakuta inavuta 1.2, umenunua taa ya wati 14 au 15 yenye kibandiko cha uongo. Tazama pia alama kwenye kioo. Taa iliyoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 19 huwa na herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano 1 kwa Ujerumani au 2 kwa Ufaransa, pamoja na herufi B au F3 inayoonyesha ni taa ya ukungu ya mbele. Zangu zilikuwa na E peke yake, bila namba yoyote.

Aliyekwisha kufunga seti hii na taa zake zinawaka, asitulizwe na kuwaka huko. Achomoe fyuzi ya seti leo, aguse waya karibu na holda ya fyuzi na aangalie kama plastiki imelainika au imebadilika rangi, kisha aondoe nyaya zote pamoja na rilei, ikiwemo ile ya swichi inayopita kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Mimi taa nimezibakiza, nikazifungia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, rilei nyingine na fyuzi ya ampea 15 iliyowekwa kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye betri. Hasara upande wa chanya sasa ni volti 0.3, na ile fyuzi ya ampea 30 niliyoshauriwa kuiweka sijainunua.