El espíritu de la colmena nyumbani: diski ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Filamu ya mwongozaji Mhispania Víctor Erice ya mwaka 1973, ambayo jina lake maana yake ni roho ya mzinga wa nyuki, huumia kuliko filamu nyingi inapohamishiwa vibaya kwenye diski. Haina mapigano wala mabishano marefu ya kukusahaulisha picha mbovu. Mtoto wa kike, Ana, anaangalia Frankenstein ya mwaka 1931 kwenye ukumbi wa kijiji huko Castilla, mwaka 1940 hivi, kisha anaanza kulitafuta zimwi aliloliona humo. Kuanzia hapo hadithi inakwenda kwa mwanga, giza na minong'ono. Diski ikiviharibu hivyo vitatu, umenunua filamu nyingine.

Kwa hiyo hatukupanga matoleo kwa bei wala kwa uzuri wa kava. Tumeyapanga kwa jinsi yanavyoitendea rangi ya asali na giza.

Asali ndiyo mizani

Nyumba ya familia ile, iliyoko Hoyuelos mkoani Segovia, ina madirisha ya vioo vya rangi ya asali, vimeunganishwa kwa pembe sitasita kama masega. Mwanga unaoingia humo unakuwa asali. Baba ni mfuga nyuki, na wanafamilia wanaishi mle ndani kimya kimya kama nyuki mzingani, kila mmoja na shughuli yake. Mpigapicha Luis Cuadrado, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yanafifia, alipiga vyumba vile kwa mwanga mdogo mno.

Kwenye diski nzuri, dirisha lina rangi ya asali mbichi dhidi ya jua, na kivuli kinachofuata ni kahawia iliyokolea, si weusi mtupu. Ndani ya kivuli hicho bado unaona ukingo wa meza, mkunjo wa shuka, na nywele nyeusi za Ana zikiwa zimetengana na ukuta ulio nyuma yake.

Diski mbaya hukosea kwa njia tatu. Ya kwanza, asali inageuka njano ya bizari yenye ukijani kwa sababu rangi hazikusawazishwa wakati mkanda ulipopitishwa kwenye skana. Ya pili, fundi ameona njano ile ni kasoro akaisafisha; kuta zinakuwa za kijivu na nyumba inaonekana kama ofisi ya serikali saa sita mchana. Ya tatu, na ndiyo inayowadanganya wengi dukani, weusi umekazwa ili picha ionekane kali. Ukitazama kwa dakika mbili utaipenda. Ukitazama nusu saa utagundua nusu ya chumba imemezwa, na hakuna rimoti itakayoirudisha, maana kilichokatwa wakati wa kutengeneza diski hakimo tena kwenye diski.

Mpangilio wetu

*Namba 1: Blu-ray inayotimiza masharti manne.* Masharti yenyewe: picha ya 1080p (mistari 1080, kila fremu ikiwa nzima) kwa fremu 24 kwa sekunde, umbo la 1.66:1 (upana kwa kimo), sauti ya Kihispania ya mono (ya mkondo mmoja), na maandishi ya tafsiri unayoweza kuyawasha na kuyazima. Likikosekana moja, ishushe daraja. Blu-ray ina pikseli 1920 kwa 1080, na faida kubwa hapa si ukali wa sura bali giza. Ina nafasi ya gigabaiti 25 au 50, hivyo vivuli vinapita taratibu kutoka kahawia hadi nyeusi bila kukatika vipandevipande.

Angalia sana hiyo fremu 24. Baadhi ya Blu-ray za Ulaya hutengenezwa kutoka kwenye masta (nakala mama) za televisheni kwa 1080i ya 50 (nusu-fremu 50 kwa sekunde), na hizo huiendesha filamu haraka kama DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya. Zile zinazouzwa Japani nazo kwa kawaida zina tafsiri ya Kijapani peke yake. Kama hujui Kihispania, picha nzuri haitakusaidia kuelewa watoto wawili wananong'onezana nini kitandani.

*Namba 2: DVD ya Criterion ya mwaka 2006, diski mbili.* Criterion ni kampuni ya Marekani inayotoa filamu maarufu kwenye diski, na namba ya hii ubavuni ni 351. Kwa mtu anayehitaji tafsiri ya Kiingereza, na ambaye deki yake inakubali diski za Marekani, hii ndiyo tungemwambia anunue bila kusitasita. Umbo la picha ni sahihi, sauti imeachwa mono, na kasi ni ya asili. Diski ya pili ina filamu ya kumbukumbu inayorudi kwa Erice, mtayarishaji Elías Querejeta na Ana Torrent aliyemwigiza Ana, pamoja na mahojiano na Fernando Fernán Gómez, aliyeigiza baba. Ukikuta inauzwa mkononi kwa bei ya chini kwa sababu diski ya pili imepotea, si hasara kubwa kama shida yako ni filamu tu. Iliyopotea ikiwa ya kwanza, achana nayo.

Upungufu wake ni ule wa DVD zote za NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani: mistari 480 ya picha. Kwenye runinga ya inchi 32 hadi 43 hutausikia sana. Kwenye inchi 55 ukikaa mita mbili, uwanda wa Castilla na lile banda la pekee lenye kisima vitaanza kulainika.

*Namba 3: DVD za Ulaya za PAL.* Kwa hesabu ya mistari zinaishinda Criterion, 576 dhidi ya 480, na muuzaji atakutajia hilo. Hatakutajia kasi. Filamu ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, PAL inataka 25, na njia ya kawaida ni kuiendesha filamu haraka kidogo, asilimia 4 na kitu. Dakika 98 zinakuwa 94. Sauti nayo inapanda karibu robo tatu ya nusu-toni. Kwenye filamu ya mapigano nani atajali? Hapa minong'ono ya Ana na dada yake Isabel inakuwa myembamba, na muziki wa Luis de Pablo unapanda juu ya pale alipouweka. Kwa hiyo ukiona dakika 93 au 94 nyuma ya kava, usidhani wamekata kipande, ni kasi.

Nyingi zinazouzwa Hispania kwenyewe hazina tafsiri ya lugha nyingine. Soma neno *subtítulos* nyuma ya kava. Kama halipo, au linafuatwa na *castellano* peke yake, hayo ni maandishi ya Kihispania.

*Namba 4: kukodi mtandaoni.* Ni njia nzuri ya kuijua filamu kabla ya kulipia diski na usafiri wake. Lakini intaneti ikilegea, huduma hupunguza data kimyakimya, na kitu cha kwanza kufa ni vile vivuli.

*Usinunue kabisa:* DVD ya NTSC iliyogeuzwa kutoka masta ya PAL, diski yenye maandishi ya tafsiri yaliyochomwa ndani ya picha, na zile diski za filamu sita kwa moja. Hesabu ya hiyo ya mwisho ni rahisi. DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7. Filamu hii ikiwa peke yake inapata megabiti 6 na zaidi kwa sekunde, kiwango kinachotosha. Zikigawana sita, kila moja inabaki na moja hivi, na giza la Cuadrado linageuka vigae vya mraba vinavyotambaa ukutani.

Umbo la picha

Hapa ndipo wauzaji na hata wanunuzi wazoefu hukosea. Umbo la 1.66:1 ni jembamba kidogo kuliko runinga ya kisasa, ambayo ni 16:9. Diski sahihi itaacha utepe mweusi mwembamba kushoto na kulia. Huo utepe ni dalili njema. Picha ikijaza kioo chote bila utepe, mambo ni mawili: imekatwa juu na chini, karibu asilimia 7 ya kimo chake, au imevutwa ikanenepa. Kwenye filamu ambayo watoto wanaonekana wadogo chini ya anga kubwa, asilimia 7 ni nyingi.

Tatizo la upande wa pili ni DVD ya zamani ambayo picha imewekwa ndani ya fremu ya 4:3, umbo la runinga za zamani. Hiyo utaijua kwa utepe mweusi pande zote nne, kama picha ya pasipoti katikati ya karatasi. Ukiikuza kwa rimoti inajaa, lakini mistari iliyobaki ni 461 tu kwenye PAL na 384 kwenye NTSC.

Kabla ya kulaumu diski, hakikisha deki yako imewekwa 16:9 kwenye menyu yake. Deki nyingi hutoka kiwandani zikiwa 4:3.

Kanda: deki yako itaikubali diski?

Diski na deki hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, na zisipolingana diski haichezi. Kwa DVD, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kanda ya 5. Oman na nchi za Ghuba ziko kanda ya 2 pamoja na Ulaya, na Marekani ni kanda ya 1. Deki nyingi za bei nafuu zinasoma kanda zote, na nyingine hufunguliwa kwa namba za rimoti zinazotegemea modeli. Jaribu kwa diski yoyote ya kanda nyingine kabla ya kuagiza. Ukitumia kompyuta, kumbuka kwamba diski draivu hukuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, kisha inajifunga palepale ilipo.

Blu-ray ina kanda tatu tu. Afrika, Ulaya na Ghuba ni B. Marekani na Japani ni A. Lakini kufungua deki ya Blu-ray ni kazi ngumu zaidi, mara nyingi inadai kubadilishwa kifaa ndani, kwa hiyo usinunue ya kanda A kwa kutegemea kwamba fundi atapatikana.

Suala la NTSC na PAL ni jingine, lisichanganywe na kanda. Runinga bapa za leo zinakubali vyote viwili. Runinga ya kichogo ya PAL inaweza kukuonyesha DVD ya NTSC bila rangi au ikiwa inabingirika.

Ukishaipata: jaribu hivi

Zima kwanza kilainisha mwendo cha runinga, weka hali ya sinema, shusha ukali hadi karibu na sifuri, zima kihisi cha mwanga wa chumba. Jaribu usiku.

Anza na majina mwanzoni, yanayopita juu ya michoro ya watoto. Kingo za michoro zikiwa na mstari mweupe pembeni kama zimezungushiwa chaki, picha imekazwa ukali kwa mashine.

Nenda kwenye ukumbi wa kijiji. Kipande cha Frankenstein kwenye pazia kiwe cha kijivu safi. Kikiwa na ukijani au uwaridi, rangi za filamu nzima zimeyumba. Uso wa Ana akiangalia uwe na chembechembe ndogo zinazocheza. Hizo ni za filamu yenyewe ya 35 mm. Uso ukiwa laini kama nta ya mshumaa, wamezisafisha chembe na kusafisha ngozi pamoja nazo.

Halafu vioo vya masega, kwa kipimo tulichoeleza juu. Kisha usiku wa kando ya maji, Ana anapokutana na zimwi. Hapo tafuta vigae vya mraba kwenye giza.

Mwisho simamisha picha mahali ambapo kamera inasogea upande uwandani, usogeze fremu moja moja. Ukiona vitu viwiliviwili, kivuli juu ya kivuli, kwenye fremu nyingi mfululizo, hiyo ni PAL iliyogeuzwa NTSC kwa kuchanganya fremu. Irudishe kama muda wa kurudisha haujaisha.

Kwa sauti, sikiliza minong'ono ya kitandani kwa spika za kawaida. Mvumo mdogo wa mkanda nyuma yake ni sawa. Kimya kikavu kinachokata mwisho wa kila neno kinaonyesha kwamba mashine ya kuondoa kelele imepita na pumzi za watoto. Na ukikuta sauti ya 5.1 (ya spika sita za kuzunguka chumba), tafuta kwenye menyu kama mono ipo.

Ukinunua mkononi

Omba picha ya upande wa chini wa diski. DVD iliyochapwa kiwandani ni ya fedha au dhahabu hafifu. DVD yenye zambarau au bluu imechomwa kwa kompyuta, hata kava likiwa zuri namna gani. Kwenye duara la ndani, karibu na tundu, diski halisi ina namba ndogo zilizochongwa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda nje haina madhara makubwa. Inayozunguka kufuata duara ndiyo inayokwamisha deki, kwa sababu inafunika data mfululizo kuliko mashine inavyoweza kurekebisha. Ielekeze diski kwenye taa: ukiona vitundu vya mwanga vimepenya, tabaka la ndani limeanza kuliwa, na kupiga polishi hakutaliponya.