Betri haikuwa na kosa: uzoefu wangu na chaja ya kompyuta mpakato hapa Kigoma

Nina steshenari ndogo Mwanga, Kigoma mjini. Kazi ni zile za kila steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti, kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo. Mashine ninayoitegemea ni kompyuta mpakato moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na huu ni mwaka wa nne niko nayo. Ikizima, biashara imefungwa. Kwa hiyo nikisema chaja ilinisumbua wiki sita, aliye kwenye kazi hii atajua nilipita wapi.

Naandika kwa sababu nilibakiza siku moja tu nitoe shilingi 85,000 kununua betri nisiyoihitaji. Watu watatu kwa nyakati tofauti waliniambia, tena kwa uhakika, kwamba betri imekufa. Betri ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa uzi mmoja wa shaba ndani ya waya wa chaja, sentimita chache kutoka kwenye kichwa kinachoingia kwenye mashine.

Ilianza mwezi wa saba, msimu wa fomu za mkopo, foleni imefika mlangoni. Nilikuwa na mama mmoja kutoka Kibirizi, amekuja na mwanawe, tuko katikati ya fomu. Nikaangalia pembeni ya skrini nikaona asilimia 34, na maneno kwamba chaja imechomekwa lakini haichaji. Nikatikisa waya, ikachaji. Nikauachia, ikaacha. Tukamaliza ile fomu yule kijana akiwa ameushikilia waya kwa vidole viwili, ameuinua juu kidogo, hathubutu hata kujikuna.

Siku zilizofuata nilijifunza kuutegea. Kitabu cha risiti chini, waya juu yake, kipande cha mfuniko wa maji juu ya waya. Ukipata ile pembe yake, inachaji. Mteja akiegemea meza, imeacha. Nawasihi mnaofanya hivi hadi leo, acheni. Kila unapoukunja waya uliokwisha kuanza kukatika unaumalizia, na nyuzi za shaba zilizokatika zikigusana ndani zinaweza kupata moto au kupiga shoti.

Baada ya kama wiki mbili kutegea hakukusaidia tena. Nikiwasha mashine, kabla Windows haijafunguka, yanatokea maandishi kwenye skrini nyeusi kwamba nguvu na aina ya chaja havikutambulika. Nikiendelea inafunguka, ila imekuwa nzito. Ukurasa wa fomu uliokuwa unafunguka mara moja sasa unakuja kidogo kidogo. Nilidhani ni virusi. Haikunijia kabisa akilini kwamba uzito ule unahusiana na chaja.

Sisi wa Kigoma tumeishi miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli, kwa hiyo jambo lolote likitokea tunaanza kulaumu umeme. Nikahamisha kutoka kwenye ekstensheni nikachomeka ukutani moja kwa moja. Hali ile ile. Nikaazima kwa jirani ule waya wa ukutani, wenye kichwa cha matundu matatu yaliyokaa kama mafiga. Hali ile ile. Ukisoma lebo ya chaja utakuta imeandikwa inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba umeme wetu wa volti 230 hata ukishuka taa zikafifia, chaja bado inapata wa kuitosha. Kinachoiua ni ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Siku hizi ukikatika nachomoa, unarudi, nasubiri dakika kadhaa ndipo nachomeka.

Nikafanya kosa langu kubwa: nikaenda dukani kununua chaja mpya bila kupima chochote. Duka silitaji. Niliambiwa ni orijino, shilingi 25,000, lebo inasema wati 90. Nilipoishika mkononi nikasikia ilivyo nyepesi ikilinganishwa na ile yangu, na moyo ukasita, lakini foleni ilikuwa inanisubiri. Nikaichomeka: maandishi yale yale, haichaji, mashine nzito vile vile. Baada ya saa moja ile chaja ikawa ya moto kiasi kwamba huwezi kuiwekea kiganja. Nikarudi kesho yake.

"Dada, ikishachomekwa hairudi. Halafu tatizo lako betri, ungeninunulia betri tukamaliza."

Huyo alikuwa mtu wa tatu kusema betri. Lile la tatu ndilo lililonifanya nianze kuitafuta pesa ya betri.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Ujiji, fundi redio wa siku nyingi, ana meza yake chini ya mwembe. Mdogo wangu ndiye aliyenisukuma. Nilikwenda na mashine, chaja zote mbili, na wasiwasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Hakuigusa mashine kwanza. Alichukua chaja yangu ya zamani, akaipima kwa mita ya umeme upande wa volti za DC (umeme wa aina ya betri), ncha nyekundu ndani ya kichwa, nyeusi kwenye bomba la nje. Mita ikasoma 19.4. Akanionyesha lebo: 19.5.

"Umeme huu hapa unafika."

"Sasa mzee, kama unafika mbona haichaji?"

Akanigeuzia kile kichwa nitazame ndani. Katikati kuna pini nyembamba kama sindano. Nimekichomeka kichwa kile kila siku kwa miaka, sikuwahi kujiuliza ile pini ni ya nini. Akasema, "Umeme unapita pembeni. Hii pini kazi yake ni kupiga hodi na kutaja jina. Mwenye nyumba asiposikia jina, anakukaribisha barazani, lakini ndani huingii."

Ndivyo ilivyo kweli, nilikuja kuthibitisha baadaye. Kompyuta nyingi za Dell na HP zenye kichwa cha duara zina pini hiyo. Kwa Dell, ndani ya chaja kuna chipu ndogo iliyobeba taarifa ya wati zake, na mashine inaisoma kupitia pini ya katikati. Ikishindwa kuisoma, haijui chaja hiyo ina uwezo gani, kwa hiyo inajihami: inatumia umeme kujiendesha, inakataa kuchaji betri, na inapunguza mwendo ili isiielemee chaja. Ule uzito wote niliokuwa naulaumu virusi ulikuwa ni mashine inajibana.

Na ile ya 25,000? Pini inayo. Mzee alisema kuna za kopi ambazo pini imewekwa ijae tundu tu, haitaji jina lolote ambalo mashine inalijua.

Kisha akaanza kutafuta palipokatika. Alichomeka chaja kwenye mashine, akashika waya kwa vidole vya mikono yote miwili kama mtu anayepapasa shanga, akawa anaukunja kidogo, anasogea, anaukunja, anasogea, huku mimi natazama skrini. Alipofika kama sentimita nne kutoka kichwani nikasema, "Hapo mzee, imechaji!" Akakunja tena, ikaacha. Akachomoa ukutani, akachukua wembe, akapasua ganda la nje kwa urefu, taratibu.

Nilitamani kila aliyeniambia betri imekufa awe pale. Chini ya ganda jeusi kuna nyuzi za shaba zilizosukwa kama soksi, nyingine zimeshakatika zimesimama kama manyoya, na mahali pengine pamefanya ukijani wa kutu. Ndani yake waya mweupe mnene, huo ni mzima. Na pembeni ya huo mweupe, waya wa buluu mwembamba kama uzi wa kushonea, umekatika katikati, ncha mbili zinatazamana, zimeachana nafasi ya punje ya mchele. Ukiukunja waya zinagusana. Ukiuachia zinaachana.

Aliniuliza jinsi ninavyouhifadhi. Nikamwonyesha: naizungushia chaja waya kwa kukaza, kuanzia pale pale kwenye kichwa, kila jioni. Akatikisa kichwa tu.

Akakata sehemu mbovu, akatoa kichwa kizima kwenye chaja nyingine iliyokufa, akaunga nyaya tatu kwa risasi, kila moja na mpira wake, akisisitiza ule wa buluu usiguse ule mweupe hata kwa bahati mbaya, kwa sababu volti 19 zikipita njia ya pini zinaweza kuunguza chipu, hata kitu ndani ya mashine. Shilingi 10,000. Nilipowasha, maandishi hayakutokea. Ukurasa ukafunguka kama zamani. Nilikaa pale nikiangalia asilimia zinapanda, 35, 36, 37, na sioni haya kusema macho yalinilenga.

Bado nilitaka chaja ya akiba, maana siwezi kurudi tena kwenye wiki sita zile. Safari hii sikununua kwa macho. Nilimwagiza ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam akanitafutie Kariakoo chaja iliyotumika lakini ya kampuni yenyewe, ikaja na basi. Shilingi 55,000 pamoja na nauli ya mzigo. Nina miezi saba nayo. Ni nzito, inapata joto la kawaida ambalo kiganja kinavumilia, mashine inaitambua tangu siku ya kwanza, na hata nikiprinti mfululizo huku betri inachaji haijawahi kulalamika. Ubaya wake ni waya mfupi kuliko wa ile ya zamani, na ganda lake lina mikwaruzo. Kwa hela ile, naipa alama nzuri kabisa, na ningeinunua tena.

Unaponunua, soma lebo ya ile uliyokuwa nayo. Volti zilingane: 19.5 kwa 19.5, au 20 kwa mashine za 20. Ampea zisipungue, zikizidi hakuna ubaya, kwa sababu mashine inachukua inachohitaji. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati: 19.5 mara 3.34 ni 65, mara 4.62 ni 90. Mimi natumia ya 90 kwenye mashine iliyokuja na 65 na iko salama. Kinyume chake ndiyo shida. Na nenda na mashine yako dukani, uichomeke mbele ya muuzaji, usubiri uone inachaji ndipo utoe hela. Mwenye chaja halali hatakukatalia.

Kuhusu betri, kuna njia ya kuiuliza yenyewe bila kumlipa mtu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, halafu bonyeza kitufe cha kuingiza. Inakutengenezea ukurasa wenye uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo ilionao leo. Yangu iliundwa na mWh 47,000 (kipimo cha umeme ambao betri inabeba), imebakiwa na 36,500. Hiyo ni zaidi ya robo tatu, baada ya miaka yote hiyo. Ningejua hili mwezi wa saba nisingesikiliza habari ya betri hata kidogo.

Jingine ambalo lilimsaidia jirani yangu, fundi cherehani anayetumia kompyuta kwa michoro: chaja yake ilikuwa kimya kabisa, hata taa haiwaki. Kumbe ni fyuzi iliyo ndani ya plagi ya ukutani, ile ya pini tatu bapa. Tukaweka nyingine ya ampea 3, yenye rangi nyekundu, ikawaka. Msiweke ile ya kahawia ya 13 kwa kuwa ndiyo iliyopo. Waya mwembamba wa chaja unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika.

Lakini taa ya chaja ikiwa inawaka, na inazima pale tu unapoichomeka kwenye mashine, chomoa uache. Mara nyingi hapo kuna shoti, kwenye kichwa au ndani ya mashine, na chaja imejizima kujilinda. Hiyo mpelekee fundi.

Na lile boksi lenyewe la chaja msilifungue nyumbani. Yule mzee, na uzoefu wake wote, hakulipasua. Alisema umeme wa 230 ukishageuzwa ndani unafika karibu volti 325 na unabaki umehifadhiwa hata baada ya kuchomoa ukutani.

Chaja ya zamani, ile iliyoungwa Ujiji, iko nyumbani na bado inafanya kazi. Hii ya Kariakoo iko steshenari, na jioni nikifunga naukunja waya wake kwa duara pana kama kamba ya ndoo, nikiacha sehemu ya kichwani imelala huru. Yule mama wa Kibirizi alipita wiki iliyopita kuprinti barua. Mwanawe alipata mkopo, yuko chuo.