Uzoefu wangu na mkono wa dirisha, na yule muuzaji wa "zote saizi moja"

Naandika nikiwa bado na hasira. Nilijipa siku kadhaa nitulie kwanza, siku zimepita na hasira iko palepale. Anayetaka kujua rangi na umbo asome kwenye boksi, yote yameandikwa. Mimi nataka kusema yale ambayo boksi halisemi.

Ilikuwa usiku wa mvua. Dirisha la chumba cha watoto lilikuwa gumu kulifunga kwa muda mrefu na tulishalizoea: unalisukuma kwa bega huku unauzungusha mkono kwa nguvu, linakwaruza, linaingia, unaenda kulala. Usiku ule nikafanya vilevile. Nikasikia "ta!" moja kavu, nikabaki nimeshika kipande, dirisha liko wazi na upepo unaleta maji mpaka juu ya godoro.

Nilikitazama kile kipande kwa tochi ya simu. Kwa nje ni cheupe, kinang'aa, ungesema ni chuma kitupu. Pale shingoni kilipokatikia, ndani ni kijivu chenye chembechembe, kama chokaa iliyokauka ukaivunja kwa vidole. Mikono mingi ya madirisha haya haifuliwi kwa chuma, humiminwa kwa aloi ya zinki kwenye kalibu kisha ikapakwa rangi. Kazi ya kila siku inaiweza vizuri, lakini haina tabia ya kupinda ili ikuonye. Ikizidiwa inakatika papo hapo. Kama kwako mkono una ufa mwembamba kama unywele pale unapoota kwenye kitako chake, usingoje usiku wa mvua kama mimi.

Kwenye fremu kilibaki kitako na kisiki kidogo. Nikakibana kile kisiki kwa koleo, nikalivuta dirisha kwa mkono wa kushoto, nikakizungusha kidogo kidogo hadi likafunga. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikaapa kwamba kesho silali bila mkono mpya.

Ikawa kesho, au keshokutwa yake, sikumbuki. Nikaenda dukani na kile kipande kilichovunjika. Hapa ndipo kosa langu lilipo na nalikiri: sikung'oa kitako, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimelishikilia dirisha lisifunguke. Na nyuma ya kitako ndiko kuna kile kichuma cha mraba kinachoingia ndani ya fremu na kuizungusha mashine, yaani ule mtambo wa kufungia uliofichwa mle ndani. Kwa hiyo nilibeba nusu ya jambo. Lakini niliuliza! Nilisimama mbele ya kijana muuzaji nikamwambia, "Kaka, nyuma yake kuna kichuma kinachoingia ndani. Urefu wake ni mmoja kwa yote, au inatofautiana?"

Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Zote saizi moja, dada."

Nikamwamini. Anauza vitasa kutwa kucha, kwa nini nisimwamini?

Kufunga kwenyewe hakukuwa kazi. Unazungusha kifuniko kidogo cha plastiki, skrubu mbili zinaonekana, moja juu na moja chini. Unazilegeza kwa bisibisi ya nyota, kitako kinatoka mzimamzima. Ule mpya ukakaa juu ya matundu yaleyale bila kuhangaika. Nilipima baadaye: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni milimita 43, na ndicho kipimo utakachokutana nacho kwenye mikono mingi ya namna hii. Kichuma chenyewe kina upana wa milimita 7 kila upande. Na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu kila unachokiona kwa macho kinalingana. Usiku ule nilifurahi kiasi kwamba nilikuwa tayari kuwasifia wale watu mbele ya dunia nzima.

Furaha ilidumu kama wiki hivi.

Asubuhi moja mwanangu mkubwa ananiita, "Mama, dirisha halishiki." Nikauzungusha mkono: juu, chini, juu, chini, unazunguka patupu kama bomba lililokatiwa maji. Dirisha halina habari. Nikaufungua. Nikachukua kitako cha zamani, ambacho namshukuru Mungu sikukitupa, nikavilaza viwili mezani ubavu kwa ubavu, na rula katikati. Kichuma cha zamani, kuanzia pale bapa la kitako linapogusana na fremu hadi kwenye ncha, kilikuwa milimita 40. Cha mpya kilikuwa 30.

Milimita 10 nzima. Muda wote ule ncha ilikuwa inagusa mlango tu wa mashine, inang'ang'ania kwa ukingo. Pembe zake nne zilikuwa zimeshaanza kulika, zimekuwa butu, na kwenye tundu la fremu kulikuwa na unga wa chuma unaong'aa. Nilipitisha kidole, kikatoka cheusi. Hebu fikiria kama ningeendelea mwezi mzima: ningeila na mashine yenyewe, na mashine huibadilishi kwa skrubu mbili.

Nikarudi dukani. Nilikwenda kwa adabu, nataka hilo lijulikane. Nilisalimia, nikasubiri waliotangulia wamalize, nikaweka mkono juu ya kaunta. Yule yule kijana akauchukua, akaugeuza mara moja, akasema kwa sauti ambayo duka zima lilisikia:

"Dada, umetumia nguvu. Mkono hauna kosa hata kidogo. Dirisha lako ndilo bovu."

Nikamwambia kichuma ni kifupi. Akacheka. Akawageukia wateja wengine, watu wazima wawili waliokuwa wananunua bawaba, akasema, "Mambo haya mwachie baba watoto." Wale wazee hawakucheka. Mmoja aliangalia chini. Mimi masikio yaliwaka moto.

Sikujibu lile neno. Nilitoa kitako cha zamani kwenye mkoba, nikakilaza pembeni ya kipya, nikatoa rula, nikaiweka. Kimya. Akaangalia. Kisha, bila kusema samahani, bila kusema lolote, akainama chini ya kaunta akatoa boksi jingine, na ndani mle kulikuwa na mikono ileile imefungwa kwenye mifuko ya nailoni, na juu ya kila mfuko pameandikwa namba. 30. 35. 40. Imeandikwa! Muda wote ilikuwa chini ya magoti yake! Siku ile ya kwanza nilipouliza, jibu lilikuwa hatua moja kutoka kwenye kiti chake.

Na bado hakuupokea ule mfupi. "Bidhaa ikishafungwa hairudi." Nikalipa mara ya pili, kwa sababu watoto walikuwa wanalala kwenye chumba kisichofungika. Nikatoka nimeapa kwamba mguu wangu haukanyagi tena pale.

Wa 40 ulipoingia nilihisi tofauti kabla hata ya kukaza skrubu. Kinaingia kwa kina, kinakaa, hakichezi. Kwenye pakiti walikuwa wameweka skrubu za urefu wa aina mbili, na karibu nitumie zile ndefu nikidhani ndefu ndiyo imara. Usifanye hivyo kabla hujalinganisha na zile ulizozitoa. Skrubu ikizidi urefu inaweza kufika kwenye mashine na kuibana, halafu utalaumu mkono. Na kama kichuma ndicho kirefu kuliko kinavyotakiwa, bapa halitagusa fremu, litabaki limeinuka. Hicho unaweza kukipunguza kwa msumeno wa chuma. Kifupi hakina dawa.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniumiza kuliko zote.

Mkono mpya ulikuwa sahihi, lakini dirisha lilikuwa bado gumu. Siyo kama zamani, ila bado linakwaruza, bado linataka bega. Nikaanza kuona ule ufa wa shingoni hata mahali ambapo haupo. Siku hiyo alikuwa amekuja fundi, mzee mmoja mtulivu, kwa ajili ya kitasa cha mlango wa nyuma. Nikamwomba aangalie na dirisha.

"Lifungue lote, mwanangu," akasema. "Sasa zungusha mkono likiwa hivyohivyo wazi."

Nikazungusha. Laini kabisa, kidole kimoja kinatosha.

"Haya, lifunge, uzungushe."

Gumu.

"Basi mkono hauumwi," akasema. "Wala mashine haiumwi. Ingekuwa inaumwa, ingekataa hata likiwa wazi. Dirisha limeshuka."

Akanionyesha pale chini ya fremu, kona ya mbali na bawaba, palipochubuka rangi mstari mmoja mrefu. Akanionyesha vile vipande vidogo vya chuma ambavyo ndimi za mashine huingia: kimoja kilikuwa kimesuguliwa ukingoni mpaka kinang'aa kama sarafu. Ulimi haukuwa unaingia kwenye nafasi yake, ulikuwa unagonga ukingo, na kila siku sisi tulikuwa tunaulazimisha kwa kuukandamiza mkono. Miaka yote ile mkono ulikuwa unabeba uzito wa dirisha zima. Akalegeza skrubu za bawaba, akainua upande ule kwa kabari nyembamba, akakaza. Akadondosha mafuta mepesi kwenye ukingo ambako ndimi hutembea, akalifungua na kulifunga mara tano sita. Kazi haikufika nusu saa.

Mwanangu mdogo analifunga sasa. Mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo yule kijana alikuwa sahihi. "Dirisha lako ndilo bovu." Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Alisema kweli na sikuitaka, na ningeisikiliza ningemwita fundi wiki mbili kabla. Nilikuwa nimeshaandika kwamba duka lile lisikanyagwe na mtu; nikafuta. Nikaandika kwamba labda nilimwonea, nikafuta tena. Hapana, sikumwonea. Kweli aliyoisema aliisema kunifukuza, haikuwa ya kunisaidia. Angesema, "Dada, likiwa wazi mkono unazunguka vizuri?" swali moja tu kama la yule mzee, leo ningekuwa namwombea dua. Badala yake alilitumia kufunika milimita zake 10. Dirisha langu lilikuwa bovu, na mkono alioniuzia ulikuwa mfupi. Yote mawili ni kweli, na la pili ni lake.

Mkono wenyewe? Ni mzuri. Inaniuma kusema, lakini ni mzuri. Unakaza, mpira wa dirisha unabanwa sawasawa, upepo haupigi tena filimbi usiku. Una kitufe na ufunguo, na ufunguo unafanya kazi bila kubembelezwa. Kwa chumba cha watoto hilo limenituliza moyo, ila ufunguo usiufiche mbali: utundike juu, watoto wasipofikia na mtu mzima aupate gizani, kwa sababu siku ya moto dirisha ndilo mlango wenu. Tatizo moja dogo, rangi yake ni nyeupe ya baridi kuliko ya madirisha mengine, nikikaa kitandani naiona. Nitaizoea.

Na kuna jambo ambalo halina raha. Yamebaki madirisha matatu yenye mikono ya umri uleule. Nimeyajaribu yote kwa ule mtihani wa mzee, likiwa wazi kisha likiwa limefungwa. Mawili yako salama. La jikoni ni gumu hata likiwa wazi, maana yake ni mashine, na hiyo nimemwachia mzee. Lakini mikono yote mitatu nataka kuibadilisha kabla haijakatika, na ifanane na huu. Nimezunguka maduka mengine nikauliza wa 40. Wana 30, wana 35. Mmoja aliniambia zote ni saizi moja, nikageuka nikaondoka bila kuaga.

Wa 40 uko pale chini ya kaunta, kwenye lile boksi. Jumamosi nitakwenda. Nitamsalimia, na kabla hajafungua mdomo nitakuwa nimeshaiweka rula mezani.