Uzoefu wangu na GIMP 3.0: kusafisha picha ya bibi bila kumpoteza bibi

Picha yenyewe ni ya ukubwa wa postikadi, sentimita 9 kwa 14, na ilipigwa studio mjini Tanga katika miaka ya 1960, bibi yangu mzaa mama akiwa ameolewa karibuni. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, amejifunga kanga, mkono mmoja ameuweka juu ya kiti, na puani amevaa kipini. Kwa miaka mingi ilikaa ndani ya sanduku la nguo, na unyevu wa pwani haukuiacha salama: doa la njano limeenea upande wote wa kushoto, ukungu umeacha vidoadoa usoni, wadudu wamekula pembe moja ya juu, na mkunjo mrefu umeipasua karatasi kutoka begani hadi kwenye pindo la kanga, palipo na maandishi. Mama aliniomba niisafishe ili apate nakala ya kutundika sebuleni. Kazi hiyo ilinichukua jioni tisa, na karibu yote niliifanya kwa GIMP 3.0.

GIMP ni programu huru ya kuhariri picha, isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo la 2.10, ambalo ndilo nililojifunzia, lilitoka Aprili 2018, na la 3.0 likafuata Machi 2025, yaani baada ya karibu miaka saba. Nimewahi kutumia Photoshop kwenye kompyuta ya kazini na ninaiheshimu, lakini kulipia programu kila mwezi kwa ajili ya picha chache za familia ni jambo nisilolimudu.

Kabla ya kuisifu programu ni lazima niseme juu ya skana, kwa sababu nusu ya kazi huharibikia hapo. Watu wengi wakiwa na picha nyeusi na nyeupe huiskani kwa hali ya kijivu, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Picha yenye madoa inatakiwa kuskaniwa kwa rangi kamili, ikiwezekana kwa biti 16 (yaani kwa viwango vingi zaidi vya mwanga), hata kama haina rangi yoyote unayoihitaji. Doa la njano hunyonya mwanga wa bluu na kuurudisha mwekundu. Kwa hiyo ukiigawa picha katika sehemu zake tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu, kazi ambayo GIMP huifanya kwa amri moja tu, utaona kwamba katika sehemu ya bluu doa limekuwa jeusi kama wino uliomwagika, ilhali katika sehemu nyekundu limefifia kiasi cha kutoonekana. Niliichukua ile sehemu nyekundu peke yake, nikaziacha nyingine mbili, na theluthi moja ya uharibifu ikawa imeondoka kabla sijagusa brashi.

Mbinu hiyo si ya kompyuta. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefanya kazi ya chumba cha giza kwa miaka mingi, aliniambia kwamba wao walipotaka kuipiga upya picha yenye doa waliweka kioo cha rangi mbele ya lenzi. "Mwanangu," alisema, "doa huliondoi, unalificha kwa mwanga wa rangi yake." Ni yeye pia aliyenionyesha jinsi walivyorekebisha negativu kwa penseli iliyochongwa ikawa kali kama sindano, na jinsi walivyoziba vidoa vyeupe kwenye karatasi kwa brashi yenye nywele chache na rangi iliyozimuliwa kwa maji, tone baada ya tone, bila kupiga mstari hata mara moja. Ushauri huo wa kutopiga mstari ndio ninaoufuata hadi leo nikishika kipanya.

Kwa brashi, GIMP ina zana mbili ambazo ndizo roho ya kazi hii. Ya kwanza, inayofunguliwa kwa kubonyeza herufi C, hunakili sehemu nzima ya picha na kuiweka pengine kama ilivyo. Ya pili, inayofunguliwa kwa herufi H, huchukua mchoro wa ngozi au kitambaa kutoka unapochagua, kisha huulinganisha na mwanga wa mahali unapouweka. H ni nzuri mno kwenye shavu na paji la uso, ambako mwanga hubadilika polepole. Lakini ukiisogeza karibu na mpaka mkali, tuseme pale kanga nyeupe inapokutana na kivuli cheusi, huvuta weusi na kuupaka kwenye weupe kama moshi. Hapo ndipo C inapohitajika. Mkunjo ule wa begani niliuziba kwa C pekee, kwa brashi ndogo, nikibadilisha mahali pa kunakili kila baada ya miguso mitatu au minne ili jicho lisione kitu kilekile kikijirudia. Kazi ya C huwa naifanya juu ya tabaka tupu, yaani kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha. Ya H nainakilia tabaka zima kwanza, ili picha ya awali ibaki chini bila kuguswa.

Uso ulinipa shida zaidi. Karatasi za studio za wakati ule mara nyingi zilikuwa na mchoro wa vinundu vidogovidogo, na ukungu ulikuwa umetulia katikati ya vinundu hivyo. Kilichonisaidia ni kichujio kilichokuja na toleo la 2.10, kinachoigawa picha katika tabaka kadhaa kulingana na udogo au ukubwa wa alama zilizomo: tabaka moja hubeba vinyweleo na vinundu, nyingine mikunjo ya ngozi, na la mwisho hubeba mwanga na kivuli tu. Unaweza kufuta wingu la ukungu kwenye tabaka la mwanga bila kuyagusa macho wala nyusi. Kichujio hiki, hata hivyo, hula kumbukumbu ya kompyuta. Niliskani kwa nukta 1200 kwa inchi, ambayo kwa picha hii ni kama pikseli milioni 28, na kompyuta yangu mpakato yenye GB 8 ilisimama kabisa mara mbili. Ilinibidi niukate uso, niufanyie kazi katika faili lake, kisha niurudishe mahali pake.

Jambo ambalo toleo la 3.0 limenifanyia, na ambalo peke yake linatosha kuhalalisha kulihamia, ni kwamba vichujio sasa havijichomi ndani ya picha. Zamani nikiongeza mwanga jioni ya kwanza, kisha jioni ya nne nikagundua nimezidisha, nilikuwa sina budi kurudi nyuma na kupoteza kila nilichofanya katikati. Sasa kichujio hukaa juu ya tabaka kama kitambaa kilichofunikwa. Unaweza kukifungua tena wiki inayofuata, ukapunguza, ukakizima, au ukakitoa. Niliubadilisha mwanga wa picha hii mara sita, na sikupoteza mguso hata mmoja wa brashi.

Lawama yangu kubwa kwa 3.0 ni kwamba programu-nyongeza zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi humo mpaka ziandikwe upya. Mimi hutegemea Resynthesizer, ambayo huziba pengo kwa kusoma kilichopo pembeni yake, kwa hiyo wakati huo nilibaki na 2.10 kwenye kompyuta hiyohiyo kwa ajili ya kazi hiyo tu. Ile pembe iliyoliwa na wadudu, yenye kipande cha pazia na makuti, ilizibwa hivyo kwa sekunde chache, na sioni aibu yoyote kuikabidhi mashine sehemu kama hiyo.

Uso ni jambo lingine. Jioni ya tano, nikiwa nimechoka, niliipeleka picha ile kwenye huduma moja ya intaneti inayotumia akili bandia kufufua picha za zamani. Ilirudi baada ya muda mfupi, safi, kali, macho yanang'aa. Nikamwonyesha mama.

"Mzuri," alisema. "Ni nani huyu?"

"Si bibi, mama?"

"Huyu siye. Kipini chake kiko wapi?"

Nilipoangalia vizuri nikaona kwamba mashine ilikihesabu kipini kuwa kidoa cha ukungu na kukifuta. Ilikuwa pia imeinyoosha pua, imezilainisha nyusi, na maandishi ya kanga, ambayo nusu yake yalisomeka vizuri kwenye karatasi, imeyageuza kuwa alama zinazofanana na herufi lakini si za lugha yoyote. Sikatai kwamba teknolojia hii ina mahali pake. Lakini mashine inayobuni uso haina namna ya kujua kwamba uso ule una mwenyewe, na kwamba yupo mtu sebuleni aliyeoshwa na kulishwa na mikono ya mwenye uso huo. Nililifuta faili na kurudi kwenye brashi kwa jioni nne zilizobaki.

Kwenye maandishi ya kanga, herufi nne zilizopitiwa na mkunjo nimeziacha na ufifi wake. Mama anakumbuka msemo wake kwa namna moja, shangazi anaukumbuka kwa namna nyingine, na sikuona haki ya kuchagua kwa niaba yao. Nimechapisha nakala mbili za sentimita 20 kwa 30. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli sehemu nilizozijenga upya: pembe ya pazia, mstari wa bega, na vidoa vya shavu la kushoto. Kipini ni chake.