OneDrive kwenye kompyuta: uzoefu wangu faili linapokataa kufunguka

Nimeitumia OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, hapa Kampala kwenye Windows 10 na Windows 11, na kipimo changu ni kimoja: faili la jana litafunguka leo, umeme ukiwa umekatika na bando limeisha? Litafunguka, ila kwa sharti. Mara nyingi kilichomo kwenye kompyuta ni jina la faili tu, lenyewe liko kwenye seva.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fungua folda ya OneDrive utazame safu ya "Status". Kiwingu cha bluu maana yake faili halijapakuliwa. Bofya kulia, ingia "Properties": utakuta "Size" ni MB 48 huku "Size on disk" ikisoma 0. Hicho ni kivuli cha faili. Duara jeupe lenye alama ya vema ya kijani ni faili lililopakuliwa ulipolifungua, lakini linaweza kurudi kuwa kiwingu, hasa kama Storage Sense, kisafishaji nafasi cha Windows, imeruhusiwa kuondoa yasiyofunguliwa kwa siku kadhaa. La kutegemea ni duara lililojaa kijani lenye alama nyeupe. Unalipata kwa kubofya kulia folda nzima na kuchagua "Always keep on this device", kisha kusubiri mpaka alama zote zibadilike. Wengi hubofya na kufunga kompyuta papo hapo, ndipo wanalalamika kwamba faili limepotea.

Likija kosa 0x8007016A, lenye maneno "The cloud file provider is not running", usidhani faili limeoza. Programu yenyewe haijawashwa. Angalia pembeni mwa saa, chini kulia. Kama kiwingu hakipo, bonyeza kitufe cha Windows, andika OneDrive, bonyeza Enter. Kiwingu cha kijivu chenye mstari wa kukatiza kinaomba uingie upya kwenye akaunti.

Kwetu huku hotspoti ya simu inasumbua sana. Mtandao ukiwekwa kwenye Windows kuwa wa kupimwa, yaani "metered", OneDrive hujisimamisha, na kiwingu kinaonyesha vijistari viwili vilivyosimama. Hali ya kuokoa betri nayo hufanya hivyo. Mabadiliko uliyoyafanya kwenye kompyuta ya ofisini hayataingia mpaka ubofye kiwingu na kuiamuru iendelee. Mimi nauunga mkono mpangilio huo: data hapa ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na folda moja ya video inaweza kumaliza bando la wiki. Ila ujue kwamba kuweka kikomo cha kasi hakupunguzi MB hata moja. Ukiweka KB 100 kwa sekunde, MB 100 zitachukua kama dakika 17 na zote zitakatwa kwenye bando. Unachopata ni nafasi ya kuendelea na kazi nyingine.

VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kwingine, mara nyingi nje ya nchi, ni jambo la pili. Tangu Facebook ifungwe nchini Januari 2021, watu huitumia kuifikia, kisha huiacha imewashwa mchana kutwa. Akaunti inaona umeingia kutoka nchi nyingine, inadai namba ya uthibitisho tena na tena, na upakuaji unakatika katikati. Zima VPN, ingia kwenye akaunti, uache faili limalize kushuka.

Kuna chanzo kingine ambacho hata mafundi hukisahau: saa. Kompyuta za mkono wa pili mara nyingi zina betri ndogo ya ubao mama iliyokufa, kwa kawaida CR2032. Umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka. Vyeti vya usalama vya seva vinaonekana havijaanza kutumika, na OneDrive inakataa kuingia ingawa intaneti ipo. Bofya kulia kwenye saa, fungua mipangilio ya tarehe, chagua ukanda "(UTC+03:00) Nairobi", kisha "Sync now". Kesho ikirudi nyuma tena, nunua betri. Kwenye kompyuta mpakato nyingi imefungwa ndani ya plastiki ikiwa na nyaya mbili, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe plagi.

Kuiweka programu upya kuje mwisho kabisa. Bonyeza Windows na R, andika %localappdata%\Microsoft\OneDrive\onedrive.exe /reset. Ikisema haipatikani, jaribu "C:\Program Files\Microsoft OneDrive\onedrive.exe" /reset, alama za kunukuu zikiwemo. Mafaili hayafutwi, lakini programu inakagua kila kitu upya, na kama ulichagua folda chache tu utalazimika kuzichagua tena. Usifanye hivyo ukiwa kwenye bando la siku.

Nafasi ya bure ni GB 5. Ikijaa, upakiaji unasimama, lakini yaliyomo bado unaweza kuyapakua.

Kwa anayefanya kazi safarini naipa nyota nne kati ya tano. Kabla ya kupanda basi la Gulu, zima Wi-Fi ukiwa bado ofisini, fungua faili unalolihitaji, shuka hadi ukurasa wa mwisho. Likigoma, bado uko karibu na mtandao wa kulipakua.